Kikombe cha Mzee Akonaay

Hajira hakuwa na mkono wa birika. Ukifika kwenye kibanda chake cha mchele sokoni Katesh, lazima akuulize kama umekula. Tabia hiyo ilizidi tangu tope lililoporomoka mlimani lilipoingia nyumbani kwake Jorodom. Yeye na bintiye Yasmini walilala kambini, wakanyweshwa uji na watu wasiowajua. Uji ule Hajira hakuusahau.

Mwaka huu aliwashawishi wanawake wenzake wa sokoni. Kila wiki kila mmoja alitoa kikombe cha unga, na wenye ng'ombe walitoa maziwa. Haba na haba hujaza kibaba. Kila Jumanne Hajira alipika uji na kuupeleka hospitali, kwa wagonjwa waliotoka mbali.

Jumanne ya tatu aliingia wodi ya wanaume na ndoo yake, amevaa aproni nyeupe. Kwenye kitanda cha mwisho alilala Mzee Akonaay, mkulima wa Mogitu. Ngiri ilikuwa imemtesa miezi minane, hata jembe hakuweza kushika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tangu jana jioni sijatia kitu mdomoni."

Hajira alimwonea huruma sana. Akamjazia kikombe, kisha cha pili.

Muda si mrefu muuguzi Letisia alikuja kumchukua mzee kwenda kupasuliwa. Akaona kikombe.

"Mzee, umekunywa uji?"

"Nimekunywa, mtamu kweli."

"Nani kakupa?"

"Si huyu wenu mwenye nguo nyeupe? Nilifikiri ametumwa na daktari."

Letisia alishusha pumzi. "Basi leo hapasuliwi. Mpaka Alhamisi."

Oliva, binti wa mzee, aliruka kutoka kwenye benchi nje ya mlango, akaingia. "Alhamisi! Nimeacha mahindi shambani, ng'ombe wa watu wanayamaliza! Wewe mama, nani kakutuma?"

Hajira aliweka ndoo chini. Aliona aibu mpaka machozi yakamtoka.

Letisia alimvuta pembeni. "Mama Yasmini, mgonjwa akipewa dawa ya usingizi, chakula kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Anaweza kufa."

"Hata uji mwepesi, sista?"

"Hata uji. Hata maziwa."

"Basi naacha. Nilitaka kusaidia, nimeharibu."

"Usiache! Humu kuna watu hawana ndugu wa kuwaletea hata chai. Ila anzia kwangu. Mwenye kisukari uji wake hautiwi sukari. Wa kupasuliwa hapewi kitu. Mimi nawajua, wewe huwajui. Kuuliza si ujinga."

Hajira alifuta macho, akarudi kwa Oliva. "Nisamehe, mdogo wangu. Nenda ukavune. Baba nitamuuguza mimi."

Oliva alimtazama kwa mashaka. "Utampa uji tena?"

"Hata maji simpi bila sista kusema."

Oliva akaenda kuokoa mahindi yake. Jumatano Hajira aliwasimulia wenzake sokoni kila kitu, bila kujificha. Wengine walicheka, wengine walishtuka. Mwisho walikubaliana kwamba hakuna kikombe kitakachotolewa wodini kabla ya muuguzi kuonyesha vitanda. Yasmini alichana kanga kuukuu nyekundu, na Letisia akafunga vipande vyake kwenye vitanda vya wasioruhusiwa kula.

Alhamisi asubuhi kitambaa chekundu kilikuwa kwenye kitanda cha Mzee Akonaay, na Hajira amekaa kando yake.

"Mwanangu, funda moja tu," mzee alibembeleza.

"Hapana, baba."

"Juzi ulikuwa na roho nzuri."

"Juzi nilikuwa sijui."

Mzee alipasuliwa kabla ya adhuhuri. Hajira alisubiri nje mpaka Letisia alipotoka akitabasamu.

Ijumaa Oliva alirudi na debe la mahindi. "La kikundi chenu cha uji," alisema, akalitua miguuni pa Hajira. Letisia naye alifungua kitambaa chekundu kitandani.

"Mama Yasmini, daktari ameruhusu. Mpe uji, kidogo kidogo."

Hajira alimimina nusu kikombe. Mzee Akonaay alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Akamkazia macho.

"Safari hii umetumwa?"

"Nimetumwa, baba."

"Haya, lete."