Gari Ambalo Hakulizunguka

Kitu cha kwanza alichokiona Nevija ni kamba. Mwanamume aliyekuwa mbele yake kwenye foleni ya mikate ya burek, pale kituo cha mabasi cha mji wa bandari wa Koper, alivaa fulana safi ya buluu na viatu vilivyong'arishwa, lakini suruali yake ilifungwa kwa kamba ya pazia.

Nevija akajitazama kiunoni. Yeye alijifunga kitambaa cha kijani alichokichana kwenye shuka kuukuu la mama yake.

Mwanamume akageuka, akaona, akacheka. "Wa magari!"

"Wa magari," Nevija akajibu huku akiinamisha uso.

"Zamu ya nani, dada?"

"Ya Zdravko. Nimeanza juzi."

"Pole! Huyo ukipiga chafya ndani ya gari anakurudisha kwenu." Akamgeukia muuzaji. "Mama, nipe mbili za jibini. Moja ya huyu binti aliyevaa shuka."

Jina lake Gorazd. Wiki hiyo hiyo aliomba kuhamia zamu ya Zdravko, na wenzake wakadhani amerukwa na akili.

Kazi yao ilikuwa kuendesha magari mapya, kuyaingiza melini na kuyatoa, tangu asubuhi hadi jioni. Hawakuvaa mkanda wenye kishikizo cha chuma, saa wala pete, maana gari jipya haliguswi na chuma. Nchi yao ni ndogo, inakula kwa kuuzia wenzake na kupitisha mali za wenzake. Mkwaruzo mmoja tu, mnunuzi wa ng'ambo analikataa gari. Akikataa mara nyingi, meli zitahamia bandari ya nchi jirani, Trieste, na Trieste ukisimama gatini unaiona ile pale.

Kwa hiyo walikuwa na desturi. Kabla hujaingia kwenye gari aliloliacha mwenzako, unalizunguka. Ukiona alama, unapaza sauti. Usipopaza, alama ni yako.

Nevija hakuwa mtu wa kupaza sauti. Ndani ya basi dogo lililowarudisha uwanjani kuchukua magari mengine, alikaa nyuma kabisa, kimya. Gorazd akagundua dawa. Alikaa mbele, akampigia simu.

"Kapanya kangu, umekula?"

"Gorazd, watu wanatusikia."

"Watu gani? Mimi niko safarini, mbali sana."

"Kata simu, mjinga wewe."

"Sema kwanza unanipenda."

"Mpende basi, binti, tupumzike!" Zdravko akafoka kutoka kwenye usukani, na basi zima likaangua kicheko. Nevija akafunika uso kwa mikono. Lakini hakukata simu.

Jumapili moja walipanda kilima cha Markov. Nevija alivaa gauni la manjano lenye kola nyeupe, upepo ukilichezea. Gorazd akatoa pete nyembamba yenye kijiwe chekundu.

"Ya bibi yangu," akasema. "Aliivaa mpaka shambani akichimba viazi. Utanichukua, Nevija?"

Nevija alitikisa kichwa kukubali mara nyingi, mpaka Gorazd akamshika mashavu amtulize.

Kesho yake, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, aliivua pete. Akaiweka kabatini, akafunga. Akafungua tena. Akaivaa, akaifunika kwa glavu.

Siku hiyo ilivuma burja, ule upepo wa milimani unaong'oa vigae. Nywele zilimfunika macho Nevija akiwa anaendesha gari jeupe kwenda gatini. Alipoliegesha akavua glavu afunge nywele, kisha akafungua mlango. Upepo ukaupokonya. Akaudaka kwa mkono wa kushoto, na akasikia sauti ndogo, kama karatasi inayochanika.

Chini ya kitasa cha nje palikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

Gorazd alikuwa anakuja mbio, anatabasamu. Ilikuwa zamu yake kuliingiza gari hilo melini. Nevija akaficha mkono mfukoni.

"Hulizunguki?" akauliza. Sauti yake haikufika mbali.

"La kwako? La kwako halizungukwi!" Akaruka ndani, akambusu hewani, akaondoka nalo.

Mkaguzi aliuona mstari ule ndani ya meli. Zdravko akawakusanya wote.

"Nani amelishika mwisho?"

Gorazd akainua mkono. Nevija alikuwa amesimama karibu naye kabisa, pete imeshafungiwa kabatini.

"Kesho usije," Zdravko akasema. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Getini Gorazd alimshika mabega. "Nisamehe, kapanya. Itakuwa zipu ya hili koti. Nimeiharibu arusi yetu kwa mikono yangu mwenyewe."

Nevija akamtazama machoni, akasema, "Twende ukale."

Gorazd akapata kazi ya lori huko Sežana, mpakani. Pete ikaingia kwenye kopo la chumvi jikoni, kwa sababu kila Nevija alipoivaa, kidole chake kiliwaka moto. Kwa miezi, kila walipokutana Gorazd alikitazama kile kidole kitupu.

"Mbona huivai?" akamuuliza kwenye simu.

"Kazini hawaruhusu."

"Jana ilikuwa Jumapili, Nevija." Hakumwita kapanya. "Unaona haya, sivyo? Kuolewa na mtu aliyefukuzwa."

Nevija akalishusha kopo la chumvi kutoka kwenye rafu.

"Basi nimeelewa. Mpelekee mama yangu. Ni mali ya bibi, isipotee."

Simu ikakatika. Nevija akaketi sakafuni na kopo la chumvi mapajani.

Asubuhi alimfuata Zdravko ofisini. Aliongea akiiangalia sakafu, na yule mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu Nevija akaenda kituoni akapanda basi la Sežana.

Alimkuta Gorazd kwenye uwanja wa malori, anafunga turubai. Lori halijali chuma, lakini bado alijifunga ile kamba ya pazia.

"Ungempa mama," Gorazd akasema alipoiona pete mkononi mwake. "Hukuwa na haja ya kuja huku."

"Haikuwa zipu yako."

"Nini?"

"Lile gari. Lilikwaruzwa na hii. Ni mimi. Nilikuona unaingia bila kulizunguka, nikanyamaza. Uliniomba msamaha, nikanyamaza. Nimemwambia Zdravko kila kitu. Mimi nimefukuzwa, wewe anakuita urudi kesho. Sikuja kukuomba unioe."

Gorazd akaiachia kamba ya turubai. Akamwacha amesimama, akalizunguka lori lake zima polepole, mkono ukipita kwenye ubavu wake, kama mtu anayetafuta alama. Nevija akasubiri. Hakukimbia.

Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Miezi yote hii nimelala nikijiona mtu ovyo," akasema. "Ungeniambia tu. Ungeniambia pale pale getini."

"Najua."

"Nami nisingekuacha."

"Najua. Wema wako huo ndio ulionishinda."

Lori jingine likapita, likawatimulia vumbi. Gorazd akapangusa uso kwa kiganja, akaitazama pete, akamtazama yeye.

"Ulijua sheria," akasema. "Kwa nini hukuivua, kapanya?"

Nevija akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alisema kwa sauti ambayo madereva wa pembeni waligeuka kuisikia:

"Nilitaka nivue glavu wakati wa chakula, wote waone kwamba kuna mtu amenichagua."