Vitabu vya Wanawake wa Chumvi

Siku ya kuamkia sikukuu ya mavuno, kituo cha treni cha Yongsan, jijini Seoul, kilikuwa kimefurika watu waliobeba maboksi ya zawadi, kila mmoja akiwahi treni ya kwenda kwao. Tak Sangwon, mwenye duka dogo la vitabu mjini Mokpo, alikuwa akishuka ngazi wakati boksi la mwanamke aliyemtangulia lilipokatika kamba. Vitabu vikamwagika. Sangwon akaokota kimoja, akakifungua, na badala ya kusaidia akaanza kusoma.

"Bwana," mwanamke akamwambia, "ukimaliza sura ya kwanza, naomba unisaidie."

Sangwon akainua macho. Mwanamke alivaa koti refu la kijani, skafu ya njano imemlegea shingoni, na kijasho kilimtoka ingawa kulikuwa na ubaridi.

"Vyote hivi unampelekea nani?"

"Yeyote atakayevipokea."

Kwenye treni walikaa pamoja. Aliitwa Ma Eungyo, mchapishaji, peke yake na kompyuta yake katika chumba kilicho juu ya duka la viatu huko Seoul. Kitabu kile kilikuwa masimulizi na picha za wanawake wanaovuna chumvi katika visiwa vya kusini. Alikuwa ameishi nao na kukokota chumvi pamoja nao hadi viganja vikapasuka. Wasambazaji wakubwa walimwambia kwamba mchapishaji mwenye vitabu vichache hana faida kwao. Mmoja aliyekubali aliviweka ghalani, kisha akavirudisha vikiwa vimekunjika pembe. Basi Eungyo akaamua kuvibeba mwenyewe, duka kwa duka. Aliyasimulia hayo huku akicheka, na Sangwon, aliyeuza vitabu tangu ujana wake, akajiona hajawahi kukutana na mtu anayekiamini kitabu namna ile. Walipofika Mokpo alichukua boksi zima, na moyo wake wenyewe ulikuwa umeshachukuliwa.

Simu zikaanza. Kila mchana Eungyo alimuuliza kama amekula, naye kila mara alijibu kwamba anamsubiri yeye aje ampikie. "Utakufa njaa, mpenzi," Eungyo alikuwa akimwambia. Alikuja mara kwa mara, wakala supu ya pweza karibu na bandari, wakabishana kuhusu majalada mpaka mwenye mgahawa akawazoea.

Lakini kitabu hakikununuliwa. Wateja wa Sangwon walikishika, wakazisifu picha zake, wakakirudisha rafuni. Hakuweza kumwambia Eungyo. Akaagiza boksi jingine, na jingine, akisema vimekwisha. Eungyo alifurahi kama mtoto, akachapa upya.

Siku moja ya masika alikuja bila kutoa taarifa, amevaa gauni la buluu, mkononi ana stroberi alizozinunua njiani. Sangwon alikuwa ametoka kidogo. Akaingia stoo kutafuta sahani, na hapo akayaona maboksi yake yamepangwa hadi darini, utepe wa gundi haujabanduliwa.

Sangwon alimkuta amesimama palepale.

"Uliniambia vimeuzika."

"Nilivinunua mimi. Sikutaka ukate tamaa."

"Nani alikwambia nimekata tamaa?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Niliwapigia simu wale mama wa chumvi, Sangwon. Niliwaambia watu wanawasoma. Kumbe nilikuwa nawadanganya."

Akaondoka na treni ya mchana, na tangu siku hiyo hakupokea simu za Sangwon.

Sangwon aliumia, lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba hakumuamini mwanamke aliyemuamini yeye. Akafunga duka, akapakia maboksi kwenye mkokoteni, akapanda feri kwenda Bigeum, mojawapo ya visiwa vya chumvi. Huko hapakuwa na duka la vitabu, wala msambazaji yeyote hakuwahi kujishughulisha kufika. Akaanzia saluni. Mama aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele alifungua kurasa, akamwona dada yake pichani, amesimama katikati ya shamba la chumvi. Akanunua cha kwake, na cha mwanawe aliye Busan. Kutoka saluni Sangwon akaenda zahanati, kutoka zahanati kwenye duka la mbolea, na kisiwa kimoja kikampeleka kingine.

Kiangazi, Eungyo alianza kupigiwa simu na watu asiowajua, wakiuliza kitabu kingine kitatoka lini. Alipowauliza wamekipata wapi, wote walimtaja bwana mmoja mrefu mwenye mkokoteni.

Akaja Mokpo. Feri ya kutoka visiwani ilipotia nanga alikuwa gatini, na Sangwon akashuka akiwa ameungua jua, shati limepauka kwa chumvi.

"Safari hii umejinunulia vingapi?"

"Hata kimoja. Nisamehe, Eungyo. Nilikuonea huruma wakati ulihitaji mtu wa kukusaidia kubeba."

Eungyo alimtazama, macho yamemlowa, asione haya mbele za abiria.

"Kesho nakwenda kisiwa cha Docho, kuwaona wale mama wa chumvi. Nataka twende wote. Lakini watauliza wewe ni nani wangu."

"Waambie mimi ni mchumba wako. Kama unakubali."

Eungyo akaushika mpini wa mkokoteni upande wa pili.

"Basi kesho vaa shati safi," akasema, na wakaanza kuusukuma kuelekea dukani.