Pumzi ya Lori la Libère

Kila Jumamosi, Dative alifua nguo za familia yake nje ya nyumba yao huko Gihosha. Baada ya nguo, alifua filtri ya lori la mumewe, Libère. Filtri hiyo ni kichujio cha karatasi. Huzuia vumbi lisiingie kwenye injini pamoja na hewa. Dative aliisugua kwa sabuni, kisha akaianika juani. Majirani walimsifu kwa usafi wake.

Libère alipakia chumvi bandarini na kuipeleka Gitega. Ilikuwa miaka ya vita. Malori yalipanda mlima wa Bugarama kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Lori lililoshindwa kupanda liliachwa peke yake barabarani.

Safari iliyopita, lori la Libère lilitoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu mlimani. Askari wa nyuma walimpita. Alifika Bugarama, kwenye soko la kileleni, peke yake.

"Ijumaa nikiachwa tena, sijui kama nitarudi," alimwambia mkewe. "Yule mchuuzi Marcellin anauza filtri kubwa, ya wazi bila kasha, imetoka Dubai. Anasema turbo, ile pampu ya hewa, inataka mudomo mukubwa."

"Marcellin anauza hata viatu," Dative alijibu. "Twende kwanza kwa fundi Yahaya."

Yahaya alikuwa na gereji Buyenzi. Alipowaona na lori lao, kamiyo kama alivyoliita, alicheka na kumsalimu Dative.

"Karibu, Mama Joëlla. Kamiyo ndiyo inaumwa, ao ni bwana?"

"Wote wawili, fundi."

Yahaya alifungua filtri, akaingiza taa ndani yake. Mwanga haukupenya.

"Nani anaosha hii kitu?"

"Ni mimi. Naifua vizuri, na sabuni."

"Dada yangu, hii si shati. Ni karatasi. Ukiifua, uchafu na sabuni vinaganda, matundu yanazibika. Hewa ikikosa, mafuta haiungui vizuri. Ndiyo ule moshi mweusi. Ikichoka, unaweka mupya ya aina ile ile."

Dative alijishika kichwa. "Kumbe kila Jumamosi nilikuwa naiziba pua."

"Basi ile ya Marcellin itasaidia," Libère alisema.

"Apana, ndugu yangu. Ile ya wazi inakaa karibu na moteri, injini yenyewe, inavuta hewa ya moto. Hewa ya moto ni nyepesi, haina nguvu. Tena inaweza kupitisha vumbi. Turbo inazunguka mbio sana. Vumbi itakula mapanga yake, yale kama ya feni. Gari ya mashindano, labda itapata nguvu kidogo. Kamiyo ya chumvi, ile ya kiwanda inatosha, ikiwa nzima."

"Lakini Marcellin anasema inanguruma vizuri."

"Inanguruma, ndiyo. Kelele haipandi mulima."

Kisha Yahaya alimwomba Dative povu la sabuni. Alilipaka kwenye mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini. Libère aliwasha lori na kukanyaga mafuta. Mahali pamoja palitokea mapovu makubwa.

"Munaona? Turbo inasukuma hewa, na hapa inatoroka. Mama Joëlla, leo sabuni yako imepata kazi."

Yahaya alibadilisha mpira uliopasuka na kuweka filtri mpya ya karatasi.

Ijumaa asubuhi, Dative alisimama mahali ambapo barabara ya mlima huonekana. Msafara ulianza kupanda. Alilitambua lori la mumewe kwa turubai lake la bluu. Moshi wake ulikuwa mwembamba. Lilipanda bila kusita, likapita lori moja, kisha jingine. Lilipozunguka kona, malori mengi bado yalikuwa nyuma yake.

Jumapili Libère alirudi akiwa amebeba kabichi kubwa kifuani.

"Umeitoa wapi?" Dative aliuliza.

"Bugarama. Siku zote nikifika, soko imebakiza majani tu. Ijumaa nilifika mbele ya wengi, nikachagua."

"Na askari wa nyuma?"

"Sikuwaona mpaka nimemaliza kununua."

Dative aliipokea kabichi kwa mikono miwili, akaenda kuwaonyesha majirani.