Mti Usiogusa Chini

Kila asubuhi ya likizo, Esther na binamu yake Joyness walianika samaki juu ya vichanja, kisha wakafagia uwanja unaotazama bwawa la Mtera. Esther, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa mgeni kutoka Madibira, na mdomo wake haukuchoka kusifia kwao.

Siku hiyo Mjomba Makoye, baba yake Joyness, alikuwa ameenda mnadani. Esther akautazama mtumbwi wa mjomba pale ufukweni, roho ikamtuma.

"Twende tukaangalie nyavu," akasema.

"Baba amekataza," Joyness akajibu. "Na jaketi za kuelea kazifungia ndani."

"Jaketi za nini? Mimi nimesukuma mtumbwi tangu sijajua kusoma."

Kusukuma, ndiyo. Kule kwao maji yanayotuama mbugani hayamzidi mtu kiuno. Mtu husimama ndani ya mtumbwi, upande wa nyuma, akachomeka mti mrefu kwenye tope, akasukuma. Basi Esther akaliacha kasia palepale ufukweni, akachukua mti wa kuanikia nyavu, wakaondoka bila kumwambia mtu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Halafu akachomeka mti, ukazama, ukazidi kuzama, mpaka mkono wake ukaingia majini. Chini hakukuwa na kitu. Esther akachanganyikiwa. Maji ni maji, mtumbwi ni mtumbwi, sasa chini kumekwenda wapi? Akajaribu upande wa pili. Mtumbwi ukayumba, mti ukamponyoka, ukaelea zake.

"Dada, kaa chini," Joyness akasema, ameng'ang'ania ukingo. "Utatuzamisha."

Hilo nalo likamchanganya, maana kwao anayekaa ni abiria. Akakaa hivyo hivyo. Upepo ukawapeleka katikati, hata asijue tena nyumbani ni upande gani. Hapo akalia waziwazi. Joyness hakujua kuogelea, na aliyemleta huku ni yeye.

Bahati yao, mtumbwi ukagota kwenye mmoja wa miti mikavu iliyobaki imesimama majini tangu bwawa lilipojazwa. Joyness akaukumbatia, Esther akavua kitenge chake akaufunga mtumbwi hapo. Wakapiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Jua lilikuwa limeshageuka Mjomba Makoye, aliyerudi mnadani akakuta mtumbwi haupo, alipowafikia kwa mtumbwi wa jirani. Kabla ya neno lolote, aliwavalisha jaketi.

Walipofika ufukweni ndipo akasema.

"Esther, mtumbwi unaujua, sikatai. Lakini umejifunzia maji ya kiunoni. Haya hayana huruma, na upepo wake haupigi hodi. Penye maji mageni unamuuliza mwenyeji, unavaa jaketi, unasema unakokwenda. Ungeniuliza tu, mwanangu, ningekufundisha."

Esther akayageukia maji waliyotoka.

"Mjomba," akasema, "hapo mbele kina chake ni kiasi gani?"

Mjomba Makoye akamtazama, uso ukalegea. Akaliokota kasia mchangani, akamkabidhi.

"Haya. Kaa vizuri, nikuonyeshe."