Pikapu Iliyoitika

Pikapu haikuwa imemaliza hata wiki nyumbani ilipoanza kuona mtu. Kiplimo alikuwa anaipandisha kilima, majani chai yamejaa nyuma, barabara nyeupe, hakuna hata mbuzi, mara kengele ti-ti-ti, taa ya rangi ya chungwa ikawaka na breki zikajikamata zenyewe, kama gari limeona mtu mbele. Mkewe Chepkirui akashika tumbo kwa mikono miwili. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka kabla ya hii, na mkanda ulikuwa umembana vibaya.

Fundi Nyang'au wa Sigor alicheka tu. Alisema wauzaji wa kule pwani walibadilisha kioo cha mbele kilichovunjika, na ile kamera inayoangalia barabara haikupangwa upya, basi inaona ovyo. Akaipanga, akafuta tope mbele ya gari, akachomeka mashine yake ya kupimia, ikasema gari ni zima kabisa. Kiplimo akarudi akipiga mluzi. Jioni hiyo pikapu ikalia uani, imezimwa, ufunguo uko mfukoni. Mbele yake hapakuwa na kitu ila mlango wa Chepkirui.

Nyang'au akaja akachomoa waya wa kamera, na safari hii hakucheka. Ikalia bado. Ndani yake mkaanza kunuka chumvi na dagaa, huku kwetu kwenye chai, jamani, ambako bahari watu huiona kwa televisheni.

Mama yake Kiplimo, ambaye wote walimwita Gogo, ni mtu wa kanisa, lakini kuna mambo hakuyaacha. Kwao mtoto akizaliwa, akina mama humtajia majina ya wafu wa ukoo, moja moja, na jina litakalomfanya apige chafya, mwenye jina hilo ndiye amerudi. Hapo hupigwa vigelegele. Gogo akasema huyu anayelia ni mtu wao, ameona mtoto anakaribia, anabisha hodi. Akaingia kwenye pikapu, akafunga mlango, akataja. Alipofika kwa marehemu mumewe, Arap Koros, kengele ikakatika. Akatoka akilia kwa furaha, na chai ikanywewa siku hiyo mpaka sufuria ikakauka.

"Baba yako alikula samaki lini?" Chepkirui alimnong'oneza mumewe. Kiplimo akamwambia aache, ni mimba inamnusisha vitu.

Pikapu ikatulia. Mvulana akazaliwa mzima, mnono, na Chepkirui akalia hadi manesi wakamtania. Nyumbani akina mama wakajaa, Gogo akamweka mtoto mapajani, akaanza na Koros moja kwa moja, maana si alishajitambulisha?

"Koros," akaita. Mtoto kimya.

"Koros." Kimya.

Akaita tena, kwa sauti ya kubembeleza, na kule uani pikapu, ambayo betri yake ilikuwa kwa Nyang'au ikichajiwa tangu jana, ikaitika, ti-ti-ti, na harufu ya dagaa ikapenya chini ya mlango, ikapita katikati ya miguu ya akina mama, ikapanda taratibu hadi kwenye blanketi, na Chepkirui, aliyekwisha kuelewa, akanyoosha mikono amchukue mwanawe, akisema, "Gogo, nyamaza, huyo wa kwenye gari si wetu, sisi tulimpa jina tu."

Mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyepiga vigelegele.