Ukuta wa Babu Harithi

Jumatano, tarehe 11 Februari 2026, saa moja na dakika ishirini jioni, Mbekenyera. Mvua ilikuwa imekatika. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mikorosho.

Mudrik aliegesha gari la umeme kando ya nyumba. Akaliunganisha na soketi ya sebuleni kwa waya alioazima kwa jirani yake, Munira. Taa ya sebuleni ikafifia. Kisha ukuta ukaanza kuguna.

Ukuta huo ulianzia sebuleni ukapita hadi chumba alimofia Babu Harithi, babu yake Mudrik. Mjane wake, Bibi Fatu, aliweka kiganja karibu na soketi. Ukuta ulikuwa na joto kama mgongo wa mtu.

"Mume wangu anaguna," alimwambia Mudrik. "Unataka kuitoa mikorosho yake."

Ilikuwa kweli. Gari lile lilikuwa la mfanyabiashara, naye Mudrik alikuwa analijaribu tu. Ili alipate, angetoa gari lake la zamani, nalo la umeme, pamoja na mikorosho ya Babu. Alilipendea jambo moja: chaja iliyomo ndani yake ilikuwa kubwa, hivyo lilijaa upesi.

"Bibi, huu ni umeme tu," alisema Mudrik. Lakini hakuugusa ukuta.

Mkewe, Hajira, alileta shuka jeupe lililofunika jeneza la Babu. Kwa heshima, akalikunja na kuifunika soketi pamoja na waya.

"Tulia, Babu," alinong'ona.

Punde harufu ya kuungua ikajaa sebuleni. Shuka lilikuwa limetoka madoa mawili ya kahawia, kama macho yanayofumbuka.

"Hodi! Mudrik!" Munira aliita mlangoni. "Mmefuga jini, au mnauchoma waya wangu?"

Aliingia na mgeni wake, Winfrida, fundi umeme kutoka Nachingwea. Munira alikuwa amemsimulia habari za magari na mikorosho. Winfrida alizima swichi kuu. Giza likashuka. Ukuta ukanyamaza.

"Nani kafunika hapa?" aliuliza, akiwasha tochi.

"Mimi, dada," Hajira alijibu.

"Usirudie. Waya mwembamba ukibeba umeme mwingi, hupata moto. Ukiufunika, joto halina pa kutokea. Na sauti hiyo ni feni inayopooza chaja. Gari limeegemea ukuta, ukuta unaitikia."

"Kumbe chaja kubwa ni mbaya?" Mudrik aliuliza.

"Sikusema hivyo. Inamfaa anayerudi mchana na kutoka tena muda si mrefu. Naye awe na waya mnene na swichi ya peke yake. Wewe unarudi saa ngapi?"

"Magharibi. Natoka na abiria wa Nachingwea baada ya swala ya alfajiri."

"Chaja ndogo ya gari lako la zamani hulijaza kwa muda huo?"

"Hulijaza, na muda hubaki."

"Basi utatoa mikorosho ununue haraka usiyoitumia. Tena chaja kubwa haikuongezei hata kilomita moja ya safari."

Kesho yake Mudrik alirudisha gari la watu. Winfrida alivuta waya mnene kutoka kwenye mita, akauwekea swichi yake na waya wa usalama unaoshuka ardhini. Jioni, gari la zamani lilipochomekwa, taa haikufifia. Bibi Fatu aligusa ukuta.

"Baridi," alisema. "Sasa amelala."



Ijumaa Mudrik alimpelekea Munira waya.

"Huu si wangu," alisema Munira.

"Wako uliungua kwangu. Huu ni mpya, tena mnene zaidi."

"Na jini?"

"Ameondoka na lile gari la watu."

Munira alicheka, akaupokea waya. Hawakudaiana tena.