Glavu za Kiema

Nthenya ndiye aliyenisimulia habari hizi za mama yake, Julai iliyopita, tukichambua mboga mlangoni.

Mama yake, Muthoki, huosha matumbo ya mbuzi pale machinjioni Kiamaiko, Nairobi. Kazi yenyewe ni ya nje, na maji ni ya pipa, baridi kama barafu. Mwezi wa Juni jua lilikuwa limegoma. Kila asubuhi vidole vilikufa ganzi, akashindwa hata kufunga leso yake.

Glavu za sufu zilikuwepo nyumbani. Zilikuwa za mumewe, Kiema, aliyekuwa bawabu mtaa wa Buruburu hadi alipofariki mwezi wa Aprili. Muthoki alizifungia sandukuni bila kuzifua, kwa kuwa zilikuwa bado na harufu yake. Nthenya alipomsihi azivae, alikataa.

Siku moja baridi ilimzidi. Akaenda kwa mchoma mtura, zile soseji za matumbo ya mbuzi, akaweka mikono karibu kabisa na makaa. Hakuhisi kitu. Mchoma mtura akamtania kwamba leo amekuja na nyama yake mwenyewe. Muthoki kutazama, ngozi imefura malengelenge.

Kwenye zahanati walimfunga bandeji. Jioni akaja jirani yao Nabiswa, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Mkono uliokufa ganzi haujui moto, Mama Nthenya," alisema. "Ukaushe kwanza. Kisha uweke kwapani, ndani ya sweta, mpaka uhisi tena. Ukitaka maji, yawe vuguvugu, na mtu mwingine akupimie."

Akaeleza pia kwamba mwili ukipoa, mikono nayo hupoa. Avae sweta mbili na kofia. Kazini avae glavu za sufu, na juu yake za mpira, kubwa zisizobana, sufu isilowe.

"Za sufu unazo?"

Muthoki alitazama sanduku. "Nikizivaa zitanuka mbuzi. Halafu nibaki na nini?"

Nabiswa hakumharakisha. Alimshika kiwiko.

"Dada, Kiema alizinunua zifanye kazi."

Nthenya alimshikia mama yake kazi mpaka vidonda vikapona. Muthoki aliporudi kwenye pipa, alikuwa amevaa glavu zile, na za mpira juu yake. Saa sita vidole vilikuwa vyepesi, akajifunga leso mwenyewe.

Wiki ya pili, Nthenya alimwona akizinusa. Alizinusa tena. Kisha akazianika kwenye kamba, akalala upande wa Kiema kitandani, mikono kwapani, akalia bila sauti. Mikono yenyewe ilikuwa na joto.

Nthenya alingoja hadi pumzi ya mama ikatulia. Akamfunika vizuri, naye akalala.